Kumlipa mhasibu kunalipa lini?

Tuseme kuna mwenye duka la sukari, sabuni na mafuta ya kula mjini Morogoro. Mauzo yake kwa mwaka ni shilingi milioni 60, lakini faida ya bidhaa hizo ni nyembamba: akishalipia mzigo, pango, umeme na kijana wa dukani, anabakiwa na milioni 4. Katika utaratibu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo. Hizo ni milioni 2.1, zaidi ya nusu ya kilichobaki mfukoni.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu achague kujitoa kwenye utaratibu huo na kutozwa kwa faida. Akichagua hivyo, milioni 3.24 za kwanza hazina kodi, na laki saba na elfu sitini zinazozidi hutozwa asilimia 8. Kodi inashuka hadi shilingi 60,800.

Wenye maduka wangapi wanaijua njia hiyo?

Jirani yake mwenye mgahawa, mwenye mauzo yaleyale ya milioni 60 lakini faida ya milioni 25, akimwiga ataumia. Kwa mauzo angelipa milioni 2.1, kwa faida atadaiwa takriban milioni 5.4. Ndiyo maana ushauri wa kijiweni, ule wa "fanya kama fulani", ni hatari katika mambo ya kodi. Jibu limo kwenye hesabu za mhusika mwenyewe, na asiye na hesabu hana hata haki ya kuchagua, maana atakosa cha kuonyesha TRA kuthibitisha faida yake. Hata mwenye mauzo chini ya hapo daftari linaweza kumwokolea kitu: mwenye mauzo ya milioni 10 asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 250,000, na anayetunza hulipa 180,000.

Pamoja na hayo, upo ushauri wa kitaalamu unaopotea bure. Watafiti Dean Karlan, Ryan Knight na Christopher Udry waliwahi kuwapelekea mafundi cherehani wa Accra, Ghana, washauri kutoka Ernst & Young, mojawapo ya kampuni kubwa za uhasibu duniani. Jaribio hilo lilihusisha mafundi 160; wengine walipewa ushauri, wengine fedha taslimu, wengine vyote viwili. Walioshauriwa walibadilika kwa muda, kisha wakarudia mtindo wao wa zamani, na faida haikupanda. Haishangazi. Fundi mwenye cherehani mbili ndiye anayepima, anayeshona, anayenunua uzi na anayefukuzana na wateja wenye madeni. Akiongezewa uhasibu juu ya hayo, kitakachoachwa kwanza kinajulikana.

Nigeria walijaribu njia nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, Stephen Anderson na David McKenzie waligawa biashara ndogo 753 katika makundi. Wapo waliopelekwa darasani, waliopewa mshauri, waliosaidiwa kumwajiri mtaalamu wa fedha au wa masoko, na waliosaidiwa kuikabidhi kazi hiyo kwa kampuni ya nje. Kuajiri na kukabidhi kulishinda mafunzo ya darasani, na kulifanya vizuri angalau sawa na ushauri kwa nusu ya gharama yake. Mwenye biashara, kwa maneno mengine, si lazima awe mhasibu. Inatosha amlipe anayeijua kazi hiyo.

Lakini si kila swali linahitaji mwenye shahada. Dandora, Nairobi, wanawake wenye biashara changa waliokutanishwa na wafanyabiashara wazoefu wa mtaa huohuo waliongeza faida kwa wastani wa asilimia 20, huku mafunzo rasmi ya darasani yakikosa matokeo kama hayo. Siri kubwa ilikuwa ndogo tu: wazoefu waliwaonyesha wapi pa kununulia mzigo kwa bei nafuu. Mikutano ilipokoma, faida ile nayo ikafifia. Kwa hiyo bei ya mzigo aulizwe mama mzoefu wa sokoni, na kodi aulizwe mhasibu. Wengi hufanya kinyume.

Mhasibu ana faida pia kwa anayetaka kukopa. Mwenye duka wa Morogoro anabakiwa na chini ya shilingi 7 katika kila shilingi 100 anazouza, na riba itatoka humohumo. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo iliowapa leseni, na wale wa mikopo ya mitaani iitwayo "kausha damu" huuvuka ukomo huo bila aibu. Mtu wa hesabu atamuuliza kwanza mzigo wake huzunguka mara ngapi kwa mwezi, na huenda akamwambia asikope kabisa.

Tatizo ni vishoka. Nje ya ofisi nyingi za serikali hawakosekani watu wa kujaza fomu kwa bei ya chai, ambao adhabu ikija hawaonekani. Wahasibu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na washauri wa kodi husajiliwa na TRA. Kuomba namba ya usajili kabla ya kutoa hela si utovu wa adabu.

Wala si lazima kumwajiri mhasibu wa kudumu. Duka dogo linaweza kuwa na daftari la kila siku linaloandikwa na kijana wa dukani, na mhasibu wa kulipitia mara chache kwa mwaka. Kikao muhimu zaidi ni cha Januari au Februari, kwa kuwa makadirio ya kodi ya mwaka huwasilishwa kabla ya Machi kwisha, na awamu ya kwanza ya malipo huangukia tarehe 31 mwezi huo. Anayemtafuta mhasibu Aprili amechelewa.