Kabla ya kununua betri mpya, fungua boneti

Majuzi, kabla ya adhana ya alfajiri, jirani yangu alinigongea mlango. Mwanawe alikuwa amebanwa na pumu na gari limekataa kuwaka. Taa zawaka, redio yalia, lakini kila akizungusha ufunguo husikika "tak" na kunyamaza. Mtoto alikimbizwa hospitali kwa tuktuk na, alhamdulillahi, akapata nafuu. Asubuhi fundi akasema betri imekufa, inunuliwe mpya.

Tulipofungua boneti tuliona vichwa vya betri vimevaa unga mweupe uliochanganyika na kijani. Tukausafisha, na gari likawaka papo hapo. Betri ilikuwa nzima.

Unga huu watoka wapi? Ndani ya betri mna risasi na tindikali. Betri inapochajiwa hutoa gesi, na mvuke wa tindikali hupenya kidogo kidogo pembeni mwa vichwa. Ukikutana na risasi hufanya unga mweupe. Ukikutana na shaba ya waya hufanya unga wa buluu au kijani. Hewa yetu ya pwani, yenye chumvi na unyevu, nayo huongeza kutu kwenye vibanio. Uchafu huo huzuia umeme kupita. Taa hazihitaji umeme mwingi, ndiyo maana huwaka. Stata huhitaji zaidi ya ampea 100 kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo gari hushindwa.

Kusafisha ni kazi ya nusu saa. Zima gari na utoe ufunguo. Vaa glavu na miwani, na usivute sigara karibu, kwani gesi ya betri hushika moto. Fungua kwanza waya mweusi, ule wa hasi, kisha mwekundu. Ukianza na mwekundu na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka.

Koroga kijiko kimoja cha magadi katika kikombe cha maji ya vuguvugu. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, kwa sababu magadi yakiingia ndani yataiharibu. Paka mchanganyiko huo kwa mswaki mkuukuu. Utatoa povu, hiyo ni tindikali inayokufa. Sugua vichwa na vibanio, suuza kwa maji safi kidogo, kisha ukaushe kwa kitambaa. Rudisha waya mwekundu kwanza, mweusi mwisho, na ukaze visichezecheze. Maliza kwa kupaka grisi au Vaseline juu yake ili hewa na unyevu visiguse chuma.

Wako wanaomwagia soda ya chupa. Unga hutoka, kweli, lakini soda yenyewe ina asidi na sukari yake hubaki ikinata. Magadi ni bora, tena ni rahisi.

Kuzuia ni kukagua kila mwezi. Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, tumia maji maalumu ya betri yasiyo na chumvi, si ya kisima, na usijaze kupita alama. Unga ukirudi baada ya wiki chache, mwambie fundi apime chaji gari likiwa linanguruma. Kwa kawaida huwa kati ya volti 13.7 na 14.7. Ikizidi hapo, betri inachemshwa.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Unga ule mweupe una risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Usiupulize, usiusugue ukiwa mkavu, wala usimwage maji yake karibu na kisima. Nawa mikono kabla ya kula. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa: wakazi wa Owino Uhuru walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Betri ikifa kweli, ibadilishe. Lakini kwanza fungua boneti uangalie. Magadi ya shilingi chache yaweza kukuokolea maelfu, na siku ya dharura yakuokolee zaidi ya pesa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.