Namanga, Taveta au Lunga Lunga?

Tangu chama chetu kitangaze safari ya Dar es Salaam katika likizo ya Agosti, mabweni hayana amani. Kila mtu amekuwa dereva. Wenzetu wa kutoka Kajiado wanaapa kwamba njia ni Namanga na zile nyingine ni kuzunguka bure. Wa Pwani nao hawataki kusikia jina jingine ila Lunga Lunga. Halafu yuko bwana mmoja wa Kidato cha Tatu, mzaliwa wa Mwatate, ambaye ameitetea Taveta mpaka sauti ikamkauka. Basi ni moja, pesa za mafuta ni za safari moja, na kamati itaamua muhula huu huu. Yafaa basi tujue tunachokichagua, mtu asije akaipigia kura barabara ya kwao tu.

Wengi wetu hupima safari kwa kilomita. Haya, tupime. Kutoka Nairobi kupitia Namanga, Arusha na Moshi hadi Dar es Salaam ni kilomita 900 na ushei. Ukishika barabara ya Mombasa hadi Voi, ukakata kulia kuelekea Taveta, safari inakaribia kilomita 1,000. Ukienda hadi Mombasa yenyewe, kisha Lunga Lunga na Tanga, ni kama 1,000 pia. Kumbe tofauti kati ya ile fupi na zile ndefu haifiki hata umbali wa Nairobi hadi Nakuru! Kwa hiyo anayesema Namanga ni fupi anasema kweli, lakini ukweli huo hautufikishi mbali.

Kinachoamua ni jua. Shule yetu hairuhusu basi kubeba wanafunzi usiku, na sioni anayeweza kuipinga sheria hiyo akiwa na akili timamu. Tuna saa 12 za mwanga, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ndani ya saa hizo toa chakula, toa kujinyoosha miguu, toa mambo ya mpakani. Hakuna njia hata moja kati ya hizi tatu inayotosha katika siku moja. Swali la haki basi ni hili: usiku utatukuta wapi, na mpakani tutafika saa ngapi?

Tuanze na Namanga. Ukiondoka Nairobi alfajiri, unapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil, na kufikia saa tatu asubuhi uko mpakani. Hapo ndipo mambo yamebadilika mno. Zamani ulikuwa unashuka upande wa Kenya, unapanga mstari, unagongewa muhuri, unapanda gari, halafu unashuka tena upande wa Tanzania na kuanza upya. Siku hizi kuna kituo cha pamoja, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018. Unaipita ofisi ya nchi unayotoka na kusimama mara moja tu katika nchi unayoingia, ambako maofisa wa nchi zote mbili wameketi chini ya paa moja. Taveta na Holili, na Lunga Lunga na Horohoro, ni vivyo hivyo. Tusiuchukulie utaratibu huu kama kitu cha kawaida. Kuanzia Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka huu, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Zaidi ya miaka sita! Waliokuwa na jamaa ng'ambo ya pili walijua maana yake.

Hata hivyo, basi zima la wanafunzi halipiti mpakani kama upepo. Kila mmoja ana karatasi zake. Tujipe saa mbili, tukitoka mapema tushukuru. Saa saba tutakuwa Arusha, na baada ya chakula tufike Moshi kama saa kumi. Tulale hapo. Siku ya pili inabaki na kilomita 560 hivi kupitia Same, Mombo na Korogwe, milima ya Upare na Usambara ikiwa mkono wa kushoto karibu njia nzima. Ni siku ndefu lakini inawezekana.

Taveta nayo ina mvuto wake, nampa haki bwana wa Mwatate. Lami imefika hadi mpakani, na malori ni machache ukilinganisha na barabara kuu. Ukitazama ramani utaona jambo la ajabu: mpaka wetu na Tanzania unatoka Ziwa Viktoria umenyooka kama uliopigwa rula, unapofika Kilimanjaro unapinda kuuzunguka mlima, kisha unanyooka tena hadi baharini. Ndivyo walivyogawana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. (Ile habari ya Malkia Viktoria kumzawadia mjukuu wake mlima ni hadithi tu, wenzangu wa Historia mnisamehe.) Kwa sababu ya kona hiyo, ukivuka Taveta unajikuta moja kwa moja chini ya Kilimanjaro, na baada ya mwendo mfupi uko Himo, mahali barabara yetu inapokutana na ile ya kutoka Moshi. Njiani kuna Maktau na kilima cha Salaita, walikopigana Waingereza na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ubaya ni kwamba kabla ya kuionja raha hiyo ni lazima uivumilie barabara ya Mombasa hadi Voi, kama kilomita 330 za malori yanayofuatana kama siafu. Tena Voi hadi Taveta unapita katikati ya Tsavo Magharibi, na ndovu hajui kupiga honi.

Sasa Lunga Lunga. Hapa naomba tutulie kidogo, maana sisi si chama cha Jiografia wala cha madereva. Sisi ni chama cha Kiswahili.

Ukitoka Mombasa ukashika pwani, unasafiri ndani ya lugha yenyewe. Mombasa ni Kimvita. Kusini yake, kupita Ukunda na Msambweni, unaingia kwa Wadigo, ambao wako pande zote mbili za mpaka na hawakuulizwa mstari ulipochorwa. Karibu na mpaka, Vanga na kisiwa cha Wasini, wanasema Kivumba. Ukivuka, Tanga na vijiji vyake ni Kimtang'ata, na kuteremka zaidi ni Kimrima. Sisi tunazikariri lahaja hizi kwa ajili ya mtihani kana kwamba ni majina ya sayari. Kwa njia hii tungeweza kuzisikia sokoni, zikinunua na kuuza samaki. Na Dar es Salaam tungekutana na Kiswahili kilichokaa karibu na Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Yaani Mombasa ndiyo ilikuwa mwenyeji wa mkutano ulioiacha Kimvita nje! Mwalimu mmoja wa Pwani bado hajasamehe.

Isitoshe, Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, mwaka 1909. Tumemsoma, tumemwigiza, tumemkosea vina. Kupita Namanga ni kumpita kwa mbali bila hata kubisha hodi.

Kuhusu feri ya Likoni, ambayo wapinzani wa Lunga Lunga huitaja kama kitisho, sasa ipo barabara ya Dongo Kundu inayozunguka bila kuvuka kwa feri. Mombasa hadi mpakani ni kama kilomita 105, na kutoka hapo hadi Tanga ni mwendo wa saa moja na kitu. Mpaka huu hauna msongamano wa Namanga. Lakini lazima niseme ukweli: kwa njia hii tutahitaji malazi ya usiku mara mbili, Mombasa na Tanga. Anayejaribu kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam kwa siku moja na basi la shule, kilomita 520 pamoja na mpaka, ataingia jijini giza limeshatanda. Usiku wa pili ni pesa. Dawa yake ni kuomba mabweni ya shule za huko, ambayo wakati wa likizo huenda yakawa matupu. Barua ziandikwe sasa, si Julai.

Njia zote tatu huungana Segera, pale barabara ya Tanga inapokutana na ile ya Moshi. Kutoka hapo usikubali kufuata kila gari hadi Chalinze. Chalinze ndipo panapoingia malori ya kutoka Zambia na Kongo kuelekea bandarini, na kutoka hapo hadi jijini ni kusukumana. Kabla ya Chalinze kuna mji mdogo uitwao Msata. Kata kushoto, barabara ni ya lami, na baada ya kilomita 64 hivi uko Bagamoyo. Magofu ya Kaole yako hapo karibu, na jiji liko mbele kidogo.

Neno moja kwa dereva wetu, ambaye ni mzee wa heshima na simfundishi kazi. Tanzania huendesha upande wa kushoto kama sisi, lakini penye nyumba kando ya barabara mwendo ni 50 kwa saa, na trafiki wenye sare nyeupe husimama hapo hapo unapodhani hawapo. Mabasi hupimwa uzito mizanini. Na akielekezwa "kwenye kipilefti kata kulia", asishangae: ni raundabauti. Jamu yetu wao huiita foleni, na ukitaka petroli uliza sheli iko wapi, hata kama kituo ni cha kampuni nyingine kabisa.

Kura yangu basi ni hii: twende kwa Lunga Lunga, turudi kwa Namanga. Wakati wa kwenda tuna hamu na masikio yako wazi. Wakati wa kurudi pesa zimekwisha na kila mtu anataka kwao, kwa hiyo njia ya siku mbili itatufaa. Ila maofisa wa forodha wa Horohoro waambiwe mapema kwamba basi litatokea mpaka mwingine. Kamati ikikosa malazi ya Tanga, basi Namanga kwenda na kurudi, nami sitanuna.

Kabla ya hayo yote kuna karatasi. Basi linahitaji logbuku, barua ya idhini ya shule na bima ya Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Pia tutalipia kibali cha gari la kigeni. Sisi wenyewe tunahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, maana kitambulisho kinachokubaliwa Uganda hakikubaliwi Tanzania. Kisha cheti cha homa ya manjano. Hiki ndicho kinachowaangusha wengi, kwani huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tukiondoka Jumatatu, aliyechanjwa Ijumaa atabaki nyumbani. Aliyewahi kuchanjwa atafute kile kijitabu chake kwa mama. Chanjo hiyo siku hizi hutambuliwa maisha yote. Majina yanaandikishwa kwa katibu, Jumatano baada ya michezo.