Jua Linavyokula Turubai na Kamba

Kamba ya plastiki iliyofungia mashua juani kwa muda mrefu huacha unga mweupe kiganjani. Unga huo ni kamba yenyewe, nyuzi zake za nje zilizokatika vipande vidogo mno. Turubai nalo huanza kupasuka kwenye mikunjo, na kiroba kilichosahauliwa juu ya paa husagika kikishikwa tu.

Joto huharakisha uharibifu huo, lakini chanzo chake ni mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Inayofika ardhini ina mawimbi ya nanomita 290 hadi 400 hivi. Ile mifupi zaidi huzuiwa na ozoni angani. Nyuzi za plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Mionzi ikiipiga, huzaa radikali, yaani vipande visivyotulia, vinavyotafuta cha kuungana nacho. Oksijeni ya hewani huungana navyo, radikali nyingine huzaliwa, na minyororo huzidi kukatika. Kitambaa huweza kupoteza nguvu nyingi kabla hakijaonyesha kasoro.

Nyuzi hazilingani kwa ustahimilivu. Polipropilini isiyotiwa dawa huchakaa upesi sana, nailoni nayo ni dhaifu, poliesta ina nafuu, na akriliki huzishinda zote. Poliesta hudumu hasa ikiwa pazia nyuma ya dirisha, kwa kuwa kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi mifupi inayoiumiza.

Kinga bora huwekwa kiwandani. Kaboni nyeusi, kiasi cha asilimia 2 hivi, ikichanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, hufyonza mionzi isipenye. Mabomba meusi ya maji hudumu juani kwa sababu hiyo. Dawa nyingine hunasa radikali kabla hazijaendeleza madhara. Dawa hizo hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo hakuna turubai lisilokufa.

Mtumiaji naye ana sehemu yake: kuanua turubai lisipotumika, kuhifadhi kamba kivulini, na kukagua mishono mapema. Mshono mara nyingi hutangulia kuachia kwa sababu uzi ni mwembamba na jua huufikia hadi kiini, ilhali kamba nene hujikinga kwa tabaka lake la nje. Hata hivyo, kamba inayobeba mzigo mzito au uhai wa mtu ikishaanza kutoa unga, isiaminiwe tena.