Jezi ya Besiboli Kwenye Belo la Same: Lipia Uzi, Usilipie Hadithi

Muuzaji amekushikisha jezi nyeupe yenye mistari: NY kifuani, namba 3 mgongoni, na juu ya namba pameandikwa RUTH. "Kaka, hii ya Babe Ruth mwenyewe, imetoka Marekani. Lete arobaini." Rudisha hela mfukoni kwanza. Ruth, nyota wa besiboli aliyechezea Yankees wa New York, alistaafu mwaka 1935 na kufariki 1948. Enzi zake jezi zilishonwa kwa flaneli ya sufu na hazikuwa na jina la mchezaji. Hata leo Yankees kwa kawaida hawaandiki majina mgongoni. Jezi ya Ruth ya kweli, aliyoivaa kwenye fainali za 1932, iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa zaidi ya dola milioni 24. Haiwezi kuwa ilibanwa ndani ya belo pamoja na mashuka. Hiyo uliyoshika ni poliesta, imetengenezwa kwa ajili ya mashabiki, na bei yake ni bei ya nguo.

Vijana wengi wanaovaa jezi hizi za vifungo na kapelo za NY hawajawahi kuona mechi ya besiboli, na hilo si kosa. Shida huanza pale historia inapotumiwa kupandisha bei. Maswali ya historia nitayajibu, ila kila jibu litaishia kwenye pochi yako.

Ukiwa Same, njia za kupata jezi ni tatu na nusu: mtumba wa hapa hapa sokoni, safari ya Moshi, au kuagiza Dar es Salaam kwa picha ya simu. Nusu iliyobaki ni kuagiza Marekani kwenyewe, na hiyo tuimalize haraka. Jezi mpya ya timu kubwa kule hupita dola 130. Ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, umeshafika shilingi 325,000 kabla ya nauli ya kuisafirisha. Ikifika hapa kuna ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya bei, usafiri na ushuru huo vikiwa vimejumlishwa. Kwa hela hiyo wengine wanapaua. Tuendelee.

Mtumba wa Same una faida moja kubwa: unaishika nguo kwa mkono wako. Hasara yake ni kwamba huchagui timu, timu inakuchagua wewe. Na nyingi ya jezi hizo si za timu za kulipwa hata kidogo. Ni za mabonanza ya mitaani huko Marekani, zile timu za mafundi bomba na wauza piza wanaocheza jioni baada ya kazi. Kifuani kuna jina la duka, mgongoni namba kubwa. Kama kumbukumbu hazina thamani yoyote, lakini mara nyingi kitambaa chake ni kizito na hakichuji. Mimi ningechukua hiyo kwa elfu sita kuliko kopi mpya ya timu maarufu kwa elfu ishirini na tano.

Kabla hujataja bei, igeuze jezi ndani nje. Namba iliyoshonwa utaiona nyuma: mshono wa zigizaga unaofuata ukingo wa kila tarakimu, na mara nyingi vitambaa viwili vimepandana, cheupe chini na cha rangi juu. Namba iliyobandikwa kwa joto haina mshono. Ikwangue pembeni kwa ukucha. Ikianza kuinuka au ukiona nyufa kama za tope kavu, fahamu kwamba pasi ya mkaa ikiigusa mara moja tu imekwisha. Angalia vifungo vyote, maana jezi hizi huwa na sita au saba na kimoja kikikosekana hupati mwenzake dukani; utalazimika kubadilisha vyote. Kisha kagua kwapa na kola. Doa la njano la kwapa halitoki, hata muuzaji akikuapia kwa sabuni gani.

Viwango vyangu ni hivi, na vinafaa kwa mtu mwenye elfu ishirini tu: jezi iliyoshonwa, isiyo na doa, usivuke elfu kumi na mbili. Iliyobandikwa, elfu sita. Kapelo ya mtumba, elfu nne, tano ikiwa ngumu mbele na haijapauka. Kopi mpya ya kapelo usiipe zaidi ya elfu nane. Muuzaji akigoma, zunguka kwanza. Belo likishachambuliwa siku mbili tatu, yeye ndiye atakayekuita.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye bei: fundi cherehani. Jezi za besiboli hukatwa pana, tena saizi za Marekani ni kubwa kuliko zetu, kwa hiyo L ya kule inaweza kukufikia magotini. Kubana ubavu mmoja mmoja ni kazi ndogo, lakini ikibidi kupunguza mabega fundi atafumua mikono yote, na hapo unaweza kulipa nusu ya bei ya jezi. Kama mshono wa bega unaning'inia chini sana kwenye mkono, iache. Na mwambie fundi asiguse mistari ya mbele kwenye vifungo. Ikipinda, jezi nzima inaonekana ya kuazima.

Moshi ni kama kilomita 100 kutoka Same, na soko la Memorial lina mitumba mingi kuliko utakayoona Same, Hedaru na Makanya kwa pamoja. Lakini piga hesabu kwanza: nauli ya kwenda, ya kurudi, chakula, na ile fulana ya ziada utakayonunua kwa kuwa "si nimeshafika". Kwa jezi moja safari hailipi. Inalipa ukiwa na shughuli nyingine Moshi, au mkiwa wanne mmemtuma mmoja mwenye jicho na mkampa vipimo vilivyoandikwa, si "saizi ya kati".

Kuagiza Dar kunawavutia wengi kwa sababu ya picha. Picha haionyeshi kitambaa. Bei inayotajwa haina makato ya kutuma hela, haina gharama ya kifurushi kwenye basi, na ukikaa Chome au Vudee ongeza bodaboda au gari la mlimani kutoka stendi ya Same. Ikikubana, kuirudisha ni juu yako. Ukiamua kuagiza hata hivyo, dai picha ya upande wa ndani wa namba na picha ya lebo, na umwombe muuzaji apime kifua kwa futikamba aseme ni sentimita ngapi. Anayekataa kupima, usimtumie hela.

Sasa maswali. Linaloulizwa zaidi ni la kapelo nyekundu ya NY: je, ni feki kwa kuwa ya timu ni ya bluu nzito? Si lazima iwe feki. Mwaka 1996 mwongozaji filamu Spike Lee aliiomba kampuni inayotengeneza kapelo za ligi kuu ya besiboli ya Marekani imshonee ya Yankees yenye rangi nyekundu. Tangu hapo rangi zikafunguka, na leo utaikuta ya waridi, ya kijani, hata ya kijeshi. Nembo yenyewe ni ya zamani zaidi: herufi hizo zilizoshikana zilichorwa na Tiffany mwaka 1877 kwa ajili ya nishani ya polisi wa New York, na timu ikazichukua mwaka 1909. Mwana Simba anaweza kuivaa nyekundu yake kwa amani. Rangi isiongeze bei, wala isiipunguze.

Mwana Yanga atafute kapelo ya Oakland, kijani na dhahabu. Timu hiyo iliondoka Oakland baada ya msimu wa 2024, kwa hiyo wauzaji wa mtandaoni wameanza kuiita adimu. Sokoni Same bado ni kapelo tu. Inunue kwa elfu nne.

Wapo wanaoogopa namba 42 wakidhani ni kopi, kwa kuwa huonekana kwenye jezi za timu tofauti tofauti. Ni namba ya Jackie Robinson, aliyeingia uwanjani na Dodgers wa Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947 na kuvunja ukuta uliowazuia weusi kucheza ligi kubwa kwa miongo mingi. Mwaka 1997 ligi nzima iliistaafisha namba hiyo, na kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa. Hivyo 42 ya timu yoyote inaweza kuwa halali. Inaweza pia kuwa ya fundi bomba wa kule mitaani. Geuza, angalia mshono.

Jina la timu nalo husaidia kukadiria umri. Cleveland waliitwa Indians hadi 2021, sasa ni Guardians. Expos wa Montreal walihamia Washington baada ya msimu wa 2004. Ile nembo ndogo ya ligi yenye mpigaji, nyekundu, nyeupe na bluu, ilianza kutumika 1969. Basi anayekuambia jezi yenye nembo hiyo ni ya miaka ya hamsini, muulize vizuri. Kwenye fulana za ubingwa soma mwaka: Red Sox wa Boston walichukua 2004 baada ya kusubiri tangu 1918, Cubs wa Chicago 2016 baada ya kusubiri tangu 1908. Hizo ni fulana nzuri za kusimulia kijiweni, lakini zilichapwa kwa wingi mno. Buku tatu inatosha.

Na Waafrika? Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi hiyo, akiwa na Pirates wa Pittsburgh, Aprili 2017. Kabla yake, mwaka 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walifika kwenye fainali za dunia za watoto huko Pennsylvania. Wenzao wa mwaka uliotangulia walikuwa wamekwamishwa na viza. Kwetu mchezo umekuja kwa msaada wa Wajapani, na kiwanja chake kiko Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Kitu chochote cha kweli cha watoto wale wa Lugazi ningekilipia zaidi ya kapelo kumi za NY, ila sijakiona kwenye belo.

Sahihi ya wino kwenye jezi au kwenye mpira usiilipie hata mia. Ligi ilianza mwaka 2001 kubandika stika maalum yenye namba ya kuhakiki vitu vya wachezaji. Bila stika hiyo, sahihi ni mwandiko wa mtu. Zile kadi za picha za wachezaji zinazokutwa wakati mwingine kwenye mifuko ya makoti, nyingi ni za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilipochapwa kupita kiasi. Ndiyo, kadi ya Mickey Mantle ya 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Yako si hiyo.

Mahali unapoishi paamue kitambaa. Same mjini, kwenye joto na vumbi la tambarare, chukua jezi yenye vitundu vidogo na kapelo ya pamba inayorekebishwa nyuma. Kapelo ya sufu yenye namba ya saizi ndani, 7 na robo kwa mfano, hupendeza, lakini ukiifua kwa maji ya moto hunywea na utampa mdogo wako. Suji na Chome, kwenye ukungu wa Shengena, jezi peke yake ni urembo tu. Huko hela yako iende kwenye jaketi la besiboli, lile la sufu lenye mikono ya rangi nyingine na ukanda wa kufumwa kiunoni. Jaribu vifungo vyake vya kubana kimoja kimoja na tazama bitana kwapani. Bitana ikichanika ndani, fundi atakutoza zaidi ya ulivyofikiri. Jaketi zima lililo salama, elfu kumi na tano sokoni ni bei ya haki. Tafuta miezi ya joto, kabla ya baridi ya Juni na Julai, maana ukungu ukishuka tu bei inapanda.

Kuna anayeuliza kama anaweza kununua jezi hapa akaiuze Marekani mtandaoni. Posta peke yake itakula faida, mnunuzi akisema haikumtosha utamrudishia hela, na huko zinakotoka wanazo hadi wanazigawa bure. Kama umeshanunua na umejuta, ifue, inyooshe bila kugusa namba kwa pasi, uipeleke Hedaru siku ya gulio. Ya kijani na dhahabu haitarudi nyumbani; mwana Yanga ataichukua.