Kupachika Fonti katika Hati za PDF: Ili Neno Lifike Kama Lilivyoandikwa

Tumfikirie mchungaji aliyeko Nyamwage, ng'ambo ya Daraja la Mkapa katika njia ya kwenda Lindi, akifungua somo alilotumiwa kutoka chuoni. Mahali palipoandikwa λόγος anakuta “lo/goj”. Mwandishi hakukosea, lakini neno kuu la Yohana 1:1 limepotea njiani. Makala hii inakusudia kueleza chanzo cha upotovu huo na namna ya kuuzuia.

Yatupasa kwanza kutambua kwamba kompyuta haihifadhi umbo la herufi bali namba yake. Umbo hutolewa na fonti. Kabla ya kuenea kwa utaratibu wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, baadhi ya fonti za Kiyunani, kama vile SPIonic, zilichora lambda kwenye namba ya herufi “l”. Fonti hiyo isipokuwepo, kompyuta huchukua nyingine, na namba ileile huonekana kuwa “l”.

PDF, iliyoletwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, huwezesha fonti kupachikwa ndani ya hati yenyewe. Mara nyingi hupachikwa zile herufi zilizotumika tu, ili faili lisiwe zito. Kanuni ya PDF/A ya mwaka 2005, iliyowekwa kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu, hudai kwamba fonti zote za maandishi yanayoonekana zipachikwe.

Je, kupachika fonti huifanya hati iwe rahisi kuhaririwa? La. Kwanza, herufi ambayo haikutumika huenda haimo katika hati, hivyo anayesahihisha neno huletewa herufi za fonti nyingine. Pili, PDF kwa kawaida hupanga herufi mahali pake ukurasani bila kujali aya. Ukiongeza sentensi, mistari inayofuata haisogei ipasavyo. Tatu, hati yaweza kuonyesha λόγος machoni, lakini ukinakili neno hilo ukapata “lo/goj”, kwa kuwa namba zilizo chini yake hazikubadilika. Kwa hiyo kupachika huhifadhi sura. Usahihi wa maandishi hutoka kwa mwandishi.

Wala jambo hili si la Kiyunani na Kiebrania tu. Kimatumbi, lugha ya majirani zetu wa kusini mwa Rufiji, kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Irabu za ziada zikiandikwa kwa alama maalumu na alama hizo zikatoweka, sauti mbili huwa moja, naye msomaji wa sala hubaki kubahatisha.

Basi, ndugu wasomaji, tuzingatie haya:

1. Tuandike kwa fonti ya Unicode tangu mwanzo, ambayo mwenyewe ameruhusu ipachikwe.

2. Tunapohifadhi, tuchague PDF/A, kisha tukague orodha ya fonti katika sifa za hati.

3. Tuifungue hati katika kompyuta au simu isiyo na fonti hiyo kabla ya kuituma.

4. Tuitunze hati ya asili, na masahihisho yote yafanyike humo.

Anayepokea hati mbali nasi hana wa kumwuliza. Uangalifu wetu kabla ya kutuma ni sehemu ya utumishi wetu kwake.