Kutafuta Kazi kwa Kipimo

Nendeni sokoni Kpandroma, katika nyanda za baridi za Djugu, njiani utokapo Bunia kwenda Mahagi. Mama auzaye maharage hamwambii mnunuzi, "Chota kiasi." Hujaza kopo mpaka ukingoni, na wote wawili huona. Mkulima wa viazi naye ajua amepanda magunia mangapi ya mbegu, na ajua kwamba baada ya miezi mitatu au minne atachimba. Mavuno yakipungua hasemi tu kwamba bahati imemkimbia. Huchunguza mbegu, udongo na mvua, apate kujua kosa li wapi.

Lakini kijana wetu aliyemaliza shule, ambaye kwa ajili yake tuliuza mbuzi na pengine ng'ombe, twamwacha atafute kazi pasipo kopo wala gunia. Twamwambia, "Jitahidi, mwanangu." Naye hujibu, "Ndiyo, Baba, najitahidi." Miaka yapita. Hakuna ajuaye amejitahidi kiasi gani, wala yeye mwenyewe hajui.

MAZUNGUMZO YA JIONI

Tutwae mfano. Si habari ya nyumba moja, ni ya nyumba nyingi. Kijana alifaulu Mtihani wa Taifa katika tawi la biashara, akapata diploma yake. Tangu siku hiyo imepita miaka miwili. Jioni moja mjomba wake, aliye karani mjini Bunia, amekuja kuwasalimu, nao wameketi karibu na moto.

"Mpwa wangu, siku hizi wafanya nini?"

"Natafuta kazi, Mjomba."

"Vema. Kazi gani?"

"Yo yote, Mjomba. Nikipata nitashukuru."

"Mwezi uliopita ulipeleka barua ngapi?"

Kijana ainamisha kichwa. "Sikupeleka, Mjomba. Watu walisema hakuna kazi."

"Na mwezi uliotangulia?"

"Nadhani moja."

Hapo mama yake aingia kati: "Kaka, usimlaumu sana. Kazi zenyewe ni chache, na wenye jamaa wakubwa ndio watangulizwao."

"Wasema kweli, dada yangu," ajibu mjomba. "Mimi simlaumu. Lakini kwa kuwa kazi ni chache, ndiyo sababu yampasa ahesabu. Mwenye shamba kubwa aweza kupoteza mbegu. Mwenye shamba dogo huhesabu kila punje."

Maneno hayo ya mjomba ni ya busara. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, atupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo kwanza huketi na kupiga hesabu ya gharama, asije akaweka msingi tu na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Wasomi wa siku hizi nao wamelithibitisha jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1968 Edwin Locke, mtaalamu wa Marekani achunguzaye nafsi za watu kazini, alionyesha kwamba watu waliopewa shabaha iliyo wazi tena ngumu kidogo walitenda vizuri kuliko walioambiwa tu wajitahidi kadiri wawezavyo.

YALIYO MKONONI MWAKO

Hata hivyo yatupasa kutofautisha mambo mawili. Kijana akisema, "Kabla ya Noeli nitakuwa nimeajiriwa," ametaja siku, lakini ametaja jambo lililo mkononi mwa mtu mwingine. Mwajiri ndiye aamuaye. Noeli ikifika bila kazi, kijana atajiona ameshindwa, hata kama alifanya yote yaliyompasa. Mkulima hawezi kuiamuru mvua. Aweza kuamua tu siku ya kupanda na idadi ya mistari.

Kwa hiyo kijana wetu na aandike shabaha mbili. Ya kwanza ni ya mbali: "Katika muda wa mwaka mmoja nataka kazi ya kutunza hesabu katika duka, shule au zahanati, Bunia au Mahagi." Hii yamwonyesha njia. Ya pili ni ya karibu, nayo ni ya yale awezayo kuyatenda mwenyewe katika miezi mitatu:

Kupeleka barua 12 za kuomba kazi, yaani moja kila juma, na kila barua iandikwe kwa ajili ya mahali pale, isinakiliwe tu.

Kuwaendea watu 6 wafanyao kazi aitakayo, na kuwauliza, si kazi, bali waliipataje, na ni ujuzi gani uwapungukiao vijana wajao kwao.

Kujifunza kompyuta kwa saa 40, au kumsaidia mwenye duka jirani kutunza daftari lake kwa muda huo, apate mtu wa kumshuhudia.

Kukamilisha hati zake zote kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza, na kujiandikisha katika Ofisi ya Taifa ya Kazi, iitwayo ONEM, penye tawi lake.

Asiye na ufundi, naye aweza kuuliza habari za mafunzo ya INPP, chuo cha taifa cha kuwatayarisha wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1964. Na aliyewahi kufanya kazi, hata ya miezi michache, asiondoke mikono mitupu. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yamlazimu mwajiri, mkataba uishapo, ampe mfanyakazi cheti cha kuonyesha aina ya kazi aliyofanya na muda wake. Cheti hicho ni kipimo ambacho wengine wamekutilia sahihi.

Neno la tahadhari: mtu akikuambia, "Lete fedha nikupe kazi," usilihesabu hilo kuwa ni barua iliyojibiwa. Mwajiri wa kweli hulipa mshahara, hauzi nafasi.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wakati wa kijana ni mali pia. Na anunue daftari dogo, achore safu nne: siku, nilichotenda, jibu nililopata, hatua ifuatayo. Kila Jumapili baada ya Misa na aketi nusu saa ahesabu. Padri Joseph Cardijn, Mbelgiji aliyeanzisha chama cha Vijana Wakristo Wafanyakazi mwaka 1925, aliwafundisha vijana kutazama, kupima na kutenda. Papa Yohane wa 23 aliipitisha njia hiyo katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961. Daftari ni jicho la kutazamia.

Faida yake huonekana miezi mitatu iishapo. Ikiwa barua 12 zimekwenda na hakuna hata mmoja aliyemwita, ugonjwa u katika barua zenyewe, au amebisha milango isiyokuwa na kazi ya namna yake. Basi mwalimu mmoja azisome barua hizo, na milango ibadilishwe. Ikiwa ameitwa mara nne lakini hakuchukuliwa, barua ni njema. Ugonjwa u katika kusema mbele ya mwajiri, au katika ujuzi. Na ikiwa kati ya barua 12 amepeleka 3 tu, asiulaumu ulimwengu kwanza. Aulize ni nini kilichomzuia: nauli, woga, au uvivu. Kila kimoja kina dawa yake, wala dawa ya nauli si dawa ya woga.

Kipimo hichohicho kitumiwe kwa njia nyingine zinazowavuta vijana wetu. Wengi hutelemka kwenye machimbo ya dhahabu, kwa kuwa wamesikia habari za mmoja aliyepata. Hatusemi kila mchimbaji ni mpotevu. Twasema ahesabu: siku alizofanya kazi, chakula alichokula kwa deni, dawa alizonunua, na fedha zilizobaki alipotoka. Habari za aliyepata husimuliwa barabarani. Habari za waliorudi na madeni hukaa nyumbani.

VITA VIKICHOMA MIPANGO

Msomaji wa Kpandroma aweza kutuambia, "Maneno mazuri, lakini sisi tumeona moto." Ndivyo. Djugu iliteswa na vita vya miaka ya 1999 hadi 2003, na tangu Desemba 2017 mauaji na kukimbia makwao viliwarudia watu. Wapo waliopanga mwaka mzima, wakakimbia kwa usiku mmoja. Je, mtu kama huyo apime nini?

Apime hatua fupi zaidi. Penye amani, shabaha ya miezi mitatu yafaa. Penye mashaka, iwe ya juma moja: kumwendea mtu mmoja, kuandika barua moja, kuuza kopo kumi za unga na kuweka akiba ya kopo moja. Hatua fupi ikikatizwa, hasara ni ya juma, si ya mwaka, na mwenye daftari ajua aanzie wapi tena. Shabaha si kiapo. Kuibadilisha kwa sababu ya kweli si aibu.

Tena kuna jambo moja la kutendwa juma hili hili katika kila nyumba. Diploma, hati ya kuzaliwa na kitambulisho vikiungua, kijana hupoteza miaka. Tengenezeni nakala zilizothibitishwa na mamlaka. Moja ikae nyumbani, moja kwa ndugu katika mji mwingine, na picha yake ihifadhiwe katika simu ya mtu mwaminifu. Kipimo chake ni rahisi: hati tatu, mahali patatu.

WAZAZI, ULIZENI SWALI JINGINE

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Kila jioni twamwuliza kijana, "Umepata kazi?" Naye, ambaye hakupata, huanza kuchelewa kurudi ili asiulizwe. Mwisho hukaa na wale wasiouliza neno, na katika nchi yetu twajua wengine wao wamwita wapi: porini, kwenye bunduki. Tubadili swali. Tumwulize, "Juma hili umetenda nini katika yale uliyoyaandika?" Hilo aweza kulijibu kwa uso uliotulia, hata kama kazi haijapatikana. Na barua ikikosa nauli, tuitoe nauli hiyo kama tulivyotoa karo.

Tusimsahau binti. Naye ana diploma yake, lakini maji, kuni, jiko na soko vyamla mchana wote, kisha twashangaa kwamba hakupeleka barua. Baba na ahesabu saa za binti yake kwa siku moja tu. Atakapoona hesabu, na aamuru kaka zake wateke maji, ili dada yao apate saa mbili zilizo zake.

Mwaka 1955 Papa Pius wa 12 aliiweka siku ya kwanza ya Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Seremala yule wa Nazareti hakukata ubao pasipo kuupima, wala kipimo hakikumpunguzia tumaini lake kwa Mungu. Jumapili hii, mkirudi kutoka Misa, mpeni mtoto wenu daftari na kalamu. Na aandike juu ya ukurasa wa kwanza tarehe ya siku hiyo, na chini yake jambo moja atakalolitenda kabla ya Jumapili ijayo.