Picha za Idi na ridhaa ya aliyemo

Siku ya Idi hapa Mafinga, swala ikiisha na pilau ikiliwa, vijana wetu, sweta juu ya kanzu kwa baridi ya Mufindi, huenda kupiga picha za pamoja za kuchekesha. Huyu anabenua mdomo, yule anamwotesha mwenzake pembe kwa vidole.

Hatuoni ubaya katika furaha hiyo. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha, lakini Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914, aliona kuwa kamera haiumbi kitu. Inazuia kivuli tu.

Linalotushughulisha ni pale kivuli hicho kinapokwenda. Anatol Josepho alipofungua kibanda chake cha picha New York mwaka 1925, watu walijifungia ndani bila mpiga picha, wakatoa senti 25 na kupata picha nane baada ya dakika kama nane. Zilitoka moja kwa moja kwenye karatasi, pasipo negativu ya kusafishia nyingine. Aliyeishika ndiye mwenye siri.

Simu haina stara hiyo. Binti amevua mtandio chumbani kwa kuwa wamo wanawake peke yao, wakacheka, wakapiga. Kabla ya Magharibi picha imeshafika Makambako, imeshatazamwa na wasio maharimu wake. Nani alimwuliza?

Basi wazazi, tusiwakataze watoto kucheka. Tuwazoeze kuomba ridhaa ya kila aliyemo kabla ya kutuma, na mmoja akisema hapana, picha ifutwe palepale, hata kama wengine wote wametoka vizuri.